Tairi mlizonifungia zimeongeza ugonjwa niliokuja kuutibu

Habari zenu,

Mimi ni mteja wenu, nilinunua kwenu tairi mbili za pikipiki, ya mbele na ya nyuma, mkanifungia hapohapo, risiti na picha nimeambatanisha. Shida yangu niliisema wazi kabisa, usukani ulikuwa unacheza nikipunguza gesi kutoka spidi 80 hivi kushuka 60, na tairi ya nyuma ilikuwa imelika katikati mpaka imekuwa bapa, kwenye kona pikipiki inagoma kulala halafu inalala ghafla kama imesukumwa. Kijana wenu akasema dawa ni tairi pana. Nikamwamini, si ndo kazi yenu?

Saizi ya kiwandani nyuma ni 100/90-18 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita), imeandikwa kwenye stika ya pikipiki, nyie mkanipa 130/70-18 kwenye rimu ya inchi 2.15. Tairi pana namna hiyo ukiilazimisha kwenye rimu nyembamba mabega yanavutwa ndani, katikati inachongoka, sasa hapo kona utaipigaje? Kwa macho inapendeza, hilo siwanyimi, kila mtu kaisifu.

Ila ya mbele ndo imenichefua. Zile namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa kiwanda ulioandikwa ubavuni mwa tairi, zinasoma 3416, yaani imetoka kiwandani wiki ya 34 ya mwaka 2016, na mmeniuzia kama mpya!! Mpira umekauka hata ukucha hauzami. Halafu kuna ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na ukingo wa rimu, unatakiwa uonekane sawa mzunguko mzima, ya kwenu sehemu moja umezama ndani kabisa, maana yake tairi haijakaa, na gurudumu likizunguka linarukaruka. Mshale wa mzunguko nao mmeugeuza.

Nimerudi kwenu mara mbili. Mara ya kwanza mkajaza upepo, ya pili mkasema beringi za usukani zimekufa. Nikaenda kwa fundi mwingine, akainua mbele, beringi nzima, spoki zimekaza, ekseli haina neno. Akafunga tairi ya pikipiki ya mwenzangu, saizi ileile, nikaenda mpaka 80 nikaachia gesi, usukani umetulia tuli. Akarudisha ya kwenu, ngoma ikaanza upya. Kwa hiyo beringi zilipona zikaugua tena ndani ya saa moja?

Naomba mbele mnipe tairi isiyozidi mwaka mmoja tangu itengenezwe, nyuma 100/90-18, zote zifungwe na kupigwa balansi bila kunilipisha tena. Kama saizi hizo hamna basi nirudishieni hela yangu yote pamoja na ya kufungia. Nawapa siku saba, nijibuni kwa maandishi maana kwa simu kila anayepokea ana jibu lake. Na siku ya kufunga nitasimama pembeni ya fundi, nauangalia ule mstari mwenyewe.