Mkwawa azungumze Kihehe

Ndugu Mhariri,

Sisi wanne hapa Iringa tunaandika muswada wa tamthilia ya sehemu sita kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na Tom von Prince, yule ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Bwana Sakarani. Fedha bado hatuna, ila ugomvi tunao wa kutosha, na mmoja naomba niuanike gazetini kwako.

Wenzangu wanataka wahusika wote waongee Kiswahili. Eti mtazamaji wa Mombasa hatasoma maandishi ya chini huku anakula. Mimi nimekataa. Katika vita vile Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya Sakarani. Ndicho walichoelewana nacho askari wake, Wanubi na wengineo. Nyuma ya ukuta wa mawe wa Kalenga, ngome ya Mkwawa, watu waliitana kwa Kihehe. Tukiwapa wote lugha moja, mtazamaji atajuaje nani yuko upande gani wa ukuta?

Mtazameni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa akaingia porini. Mwishoni mwa 1896 Prince akamsimika Mpangile kuwa mtawala. Februari 1897 akamuua, kwa tuhuma kwamba anamsaidia nduguye kwa siri. Miezi miwili tu! Katika muswada wetu yumo bomani, anamjibu Prince kwa Kiswahili cha kubabaisha, kisha anageuka kwa mzee mmoja mlangoni na kumsalimu kwa Kihehe: "Kamwene." Wanaongea kidogo kwa sauti ya chini. Prince amesimama pale, anasubiri mkalimani. Sasa mkimpa Mpangile Kiswahili fasaha mwanzo mwisho, hiyo shaka ya Prince itatoka wapi?

Mengine hatugombani sana. Tunaanza na vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, akiwa juu ya punda wake. Inasimuliwa kwamba ofisa wake mmoja alimfyatulia ndege risasi, na Wahehe wakadhani ndiyo ishara ya kushambulia. Mkwawa anajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Fuvu lake kurudi kutoka Ujerumani mwaka 1954 ni la dakika mbili, linajulikana. Mimi nitang'ang'ania kifo cha Prince: mtoto wa Mwingereza, mzaliwa wa Mauritius, anauawa Tanga Novemba 1914 akipigana na jeshi la Waingereza.

Tunachohitaji kwa wasomaji wako ni wazee wa kutusahihishia Kihehe. Juzi tulifanya majaribio na vijana wawili, wenyeji wa Kalenga kabisa. Salamu walizitoa vizuri, na matusi pia. Walipofika kwenye amri ya kushambulia wakatazamana, mmoja akakuna kichwa, kisha wakapiga kelele pamoja kwa Kiswahili: "Piga!"

Mwalimu mstaafu,
Iringa