Risala kwa Mgeni Rasmi: Aliyetunolea Viatu

Risala ya wazazi na vijana wazungumzaji wa Kiswahili wa mji wa Utica, jimbo la New York, iliyosomwa mbele ya Mgeni Rasmi siku ya kufunga msimu wa mafunzo ya hoki ya barafu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mashekhe na wachungaji wetu,
Walimu wa vijana wetu,
Wazazi wenzangu na vijana wetu wapendwa,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa msimu huu tukiwa wazima, na theluji ikiwa imeanza kuondoka vibarazani. Pili, tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kuitikia mwito wetu. Unaisikia risala hii kupitia kwa mkalimani, nasi ndivyo tulivyotaka, maana shukrani ya namna hii tungeipunguza uzito kama tungeisema kwa lugha ya kuazima.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamati ilipokaa kuchagua mgeni wa leo, yalitajwa majina makubwa. Kuna waliosema tumwalike kocha, wengine wakasema tumwandikie rais wa klabu. Mama mmoja akainua mkono na kuuliza, "Na yule mzee aliyenoa viatu vya barafu?" Kikao kikanyamaza, na hakuna aliyetaja jina lingine. Ndiyo maana leo kwenye kiti cha mbele ameketi mtunza vifaa mstaafu, mtu aliyezunguka miji kadhaa ya ligi ndogo kwa basi, ambaye miaka yote hiyo picha yake haikubandikwa ukutani.

Kwa ruhusa yako tujitambulishe. Wengi wetu ni Wabantu wa Somalia. Mababu zetu walichukuliwa utumwani kutoka sehemu za Tanga karne ya 19 na kupelekwa Somalia, na zipo nyumba hapa Utica ambazo bibi na mjukuu bado husalimiana kwa Kizigua. Vita vilipotutoa huko tuliishi Kenya, katika kambi za Dadaab na Kakuma, na Kiswahili chetu kilikomaa pale. Wapo pia ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia Nyarugusu, mkoani Kigoma. Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya kwenye ndoo ya muuza samaki. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja watoto wetu wangesimama juu yake.

Hoki tuliianzia kwenye viti vya Memorial Auditorium, ukumbi wa hoki wa hapa Utica. Vijana wetu wanalijua jengo lile: lilifunguliwa mwaka 1960, linachukua watazamaji wapatao 4,000, na paa lake linashikiliwa na nyaya, halina nguzo hata moja katikati. Watoto walimtazama mfungaji. Sisi watu wazima tulivutwa na pale kwenye benchi. Tulimwona kocha mmoja akitaja washambuliaji na mwenzake akitaja mabeki, na kila baada ya sekunde 45 hivi vijana watano wakiruka ubao kuingia na watano wakirudi wakihema, mchezo ukiendelea bila filimbi. Pembeni amesimama mtu na fimbo mkononi. Ya mchezaji ikivunjika, nyingine yenye namba yake imeshamfikia kabla hajaita. Yule mama wa kwenye kamati alisema siku ile kwamba benchi lile ni kama jiko la arusi, wageni wanaona sahani tu.

Kwa wazazi ambao mpaka leo wanauliza timu yetu ya Comets inacheza ligi gani, hii ni AHL, ligi ndogo iliyo chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, nayo ilianza mwaka 1936. Sasa ina timu 32, na kila timu imefungamana na timu mama moja ya NHL huko juu. Ya kwetu ni New Jersey Devils. Wachezaji wengi tunaowashangilia wana mikataba na New Jersey, na hata makocha wanaowafundisha huletwa na timu mama. Utica wana ukumbi, wanauza tiketi, wanaendesha basi, wanafua jezi. Simu ikilia asubuhi ya mechi kwamba mshambuliaji fulani anatakiwa, anafunga begi na kushuka kusini, na kocha anapanga upya kikosi alichokifanyia mazoezi wiki nzima. Hapewi nafasi ya kukataa, na anayeondoka haondoki kwa huzuni, kwa sababu ndicho alichokuja kukitafuta.

Zaidi ya hapo, sheria ya ligi inataka kati ya wachezaji 18 wa ndani, ukiacha makipa, wasiopungua 13 wawe bado katika ngazi ya kukuzwa. 12 kati yao wawe hawajavuka mechi 260 za kulipwa, na mmoja asiwe amevuka 320. Maana yake kocha wa ligi ndogo anatakiwa ashinde kwa vijana wabichi, na wakishaiva wachukuliwe. Wahenga wetu walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Siku kijana anapoteuliwa na timu kubwa kuna jukwaa, kamera na kofia mpya. Kazi ya kumfundisha asipoteze nafasi yake mbele ya lango, ale vizuri, alale mapema na avumilie kukaa benchi inafanyika huku, katika miji kama wetu. AHL yenyewe husema karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia kwake. Kila mmoja wa hao alikuwa na mtu aliyemnolea viatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, liko jambo la mwaka 2021 ambalo wengi wetu tuliliona kama la kwetu. Tangu 2013 Comets ilikuwa chini ya timu mama nyingine, Vancouver Canucks ya Kanada. Robert Esche, kipa wa zamani wa NHL aliyekulia hapa jirani Whitesboro, ndiye aliyeirudisha AHL mjini baada ya pengo lililoanza Utica Devils, timu ya AHL iliyotangulia hapa, ilipoondoka mwaka 1993. Kocha Travis Green aliifikisha timu fainali ya Kombe la Calder, kombe la ubingwa wa AHL, mwaka 2015, na mwaka 2017 akapandishwa kwenda kuifundisha Vancouver yenyewe. Kisha Vancouver wakaamua kuweka timu yao ndogo Abbotsford, karibu na kwao. Wachezaji wao wakaondoka, na Kocha Trent Cull akaondoka nao.

Kwa mtu aliyewahi kuondoka mahali akiwa na kifurushi kimoja, hilo halihitaji maelezo. Lakini tazama nani walibaki. Esche na watu wake wa ofisini walibaki, ukumbi ulibaki na jina la Comets lilibaki. Wakafunga mkataba na New Jersey, akaja Kocha Kevin Dineen na kikosi kigeni kabisa, na msimu ulipoanza timu hiyo ilishinda mechi 13 za kwanza mfululizo, mwanzo ambao AHL haikuwahi kuuona. Mabao yalifungwa na wageni. Nyumba waliyoikuta imepangwa ilipangwa na wenyeji, na sisi tuliopokelewa katika mji huu tunajua thamani ya kukuta taa inawaka.

Sasa turudi kwako. Vijana wetu walipoanza mafunzo walipewa viatu vilivyotumika, na tunawaombea kheri waliovitoa. Binti mmoja wa miaka tisa alianguka kila hatua. Alianguka Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka goti likavimba. Mama yake akamvua viatu akasema, "Twende nyumbani, barafu haitutaki." Wewe ulikuwa umekaa kwenye viti, umemleta mjukuu wako. Ukashuka, ukaomba kiatu, ukapitisha ukucha wa dole gumba juu ya chuma. Ukucha haukukwaruzika hata kidogo. Ukasema maneno machache tu, kwamba mtoto hana tatizo, chuma ndicho butu. Ukaenda nacho, ukarudi baada ya robo saa. Binti yule akasimama, akasukuma mguu mmoja, akaenda mpaka ubao wa pili bila kuanguka, na mama yake akalia mbele yetu sote. Wiki tatu zile tulikuwa tumeshaanza kuamini kwamba miili yetu haikuumbwa kwa mchezo huu. Tulihitaji mtu wa kutuambia tuangalie chuma.

Baadaye ulitueleza, nasi tunayarudia hapa ili wazazi wajue. Chini ya kiatu kuna mfereji mwembamba kati ya makali mawili. Mfereji ukiwa na kina kirefu, makali huuma barafu na mchezaji hugeuka ghafla. Ukiwa na kina kifupi, huteleza kwa kasi zaidi na miguu haichoki haraka. Kila mchezaji ana kipimo chake, na mtunza vifaa anavijua vyote kwa kichwa. Ulituambia pia habari za wikiendi ya mechi tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, basi linafika saa tisa usiku, wachezaji wanaenda kulala nawe unaanza kuanika glovu zilizolowa, ili asubuhi zisivaliwe mbichi.

Ulimtaja vilevile mwenzako, mtaalamu wa tiba wa timu. Ulisema kuna mahali kocha mkuu hana kauli: mchezaji akigongwa kichwa na akaonekana ametikiswa ubongo, harudi mchezoni siku ile, hata iwe fainali. Mzazi anayemkabidhi mtoto wake kwenye mchezo huu alale akijua hilo.

Vijana, mko mnaodhani lango la kuingia hoki ni moja tu, la mchezaji. Jon Cooper alikuwa mwanasheria Lansing, Michigan. Hoki ya kulipwa hakuicheza. Hakimu mmoja alimwomba afundishe timu ya shule ambayo mwanawe alikuwa akichezea, akakubali. Akapanda ngazi moja moja, mwaka 2012 timu yake ya Norfolk ikashinda mechi 28 mfululizo na kutwaa Kombe la Calder, halafu akaifundisha Syracuse, jirani zetu hapa, kabla ya kuitwa Tampa Bay, timu ya NHL, mwaka 2013. Huko amebeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na 2021. Mabinti, Jessica Campbell aliingia benchi la Coachella Valley, timu ya AHL, mwaka 2022, mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi wa kudumu katika AHL, na mwaka 2024 Seattle Kraken wakampandisha NHL, ambako pia hakutanguliwa na mwanamke mwingine.

Yupo pia David Ayres, ambaye vijana wetu hawachoki kusimuliwa. Alipandikizwa figo ya mama yake. Alikuwa akihudumia majengo ya barafu Toronto, akiendesha mashine ya kulainisha barafu na kukaa golini wakati wa mazoezi ya Marlies, timu ndogo ya huko. Tarehe 22 Februari 2020 timu ya NHL ya Carolina ilipocheza na Toronto, makipa wote wawili wa Carolina waliumia, akaitwa kutoka jukwaani kama kipa wa dharura akiwa na miaka 42. Aliokoa mashuti manane, na Carolina ikaifunga Toronto 6 kwa 3.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala haikosi maombi, nasi tunayo, na tumeyapunguza tusikulemee. Vijana wetu sita wakubwa, wanne wavulana na wawili wasichana, wanataka kujifunza kazi yako: kunoa, kushona pedi, kupanga chumba cha vifaa, kujua kiatu cha nani kinataka nini. Tunakuomba Jumamosi mbili kwa mwezi. Mashine ya kunoa bado hatuna. Tumeanza kuchanga, na wewe utatuelekeza ipi inafaa tusije tukanunua chuma cha mapambo.

Saa za barafu ni ghali na zinazotufikia ni za usiku, wakati watoto wanatakiwa kuwa wamelala. Wewe unafahamika na wanaoshika ratiba. Tunaomba utusemee, walau tupate saa moja ya mchana siku ambayo barafu haina mtu. Tunaomba pia ututafutie mwanamke aliyewahi kucheza au kufundisha, kwa ajili ya mabinti zetu, kwa sababu wapo baba na mama ambao wangewaruhusu mabinti zao kesho kama wangemwona mwalimu wa kike kwenye barafu. Suala la hijabu chini ya kofia ya kinga tumeshalimaliza wenyewe. Kina mama wamebuni kitambaa chepesi kisicho na fundo, na kofia inakaa sawasawa.

Wazee wetu wawili wanaofagia majukwaa usiku baada ya mechi wameomba salamu zao zifike kwako. Wanasema wanakukumbuka, maana taa ya chumba cha vifaa ndiyo waliyokuwa wakiiacha ikiwaka walipokuwa wakiondoka, siku ulipokuja na timu ya ugenini.

Mwisho, tunaomba upokee zawadi yetu ndogo. Ni kikoi, kimetoka Mombasa kupitia kwa shangazi wa mmoja wetu, na pindoni kina mama wamedarizi jozi ya viatu vya barafu. Atakayekukabidhi ni binti yule wa miaka tisa, ambaye sasa ana kumi. Amekuja na viatu vyake pia. Anasema makali yameanza kupungua.

Karibu sana, Ndugu Mgeni Rasmi.

Ni sisi, wazazi na vijana wako,
Utica, New York