Geji Inaonyesha Robo. Je, Tangini Kumebaki Nini?

Wenye ndege ndogo wakituletea karakanani malalamiko ya geji ya mafuta, wengi huuliza swali moja: mtaitengeneza isome sawasawa? Tutaitengeneza. Ila kabla hatujagusa bisibisi huwa tunamweleza mteja kwamba hata geji iliyo nzima si kitu cha kutegemea mafuta yakiwa kidogo. Katika ndege nyingi za injini moja, geji hufuata boya linaloelea ndani ya tangi lililolala kwenye bawa. Tangi hilo ni pana na halina kina. Bawa likiinama kidogo tu, mafuta yanakimbilia upande mmoja na boya linayafuata. Na kwa kuwa tangi ni pana, sentimita moja ya kina ni lita nyingi.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichambua ajali za ndege ndogo zinazohusu mafuta kati ya 2011 na 2015. Wastani ulikuwa zaidi ya ajali 50 kwa mwaka. Katika asilimia 95 ya chunguzi hizo, tatizo lilihusu watu: mipango ya safari, matumizi ya vifaa, au kutoizoea ndege. Hitilafu ya mfumo wenyewe wa mafuta haikufika asilimia 5. Na msidhani walikuwa wanagenzi. Wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu, ilhali karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni ya kibiashara au ya juu zaidi.

Kwa karakana ni rahisi kusoma takwimu hizo na kusema basi hilo ni la rubani. Hatukubaliani na hilo. Rubani hupanga safari kwa namba, na namba nyingi anazozitumia ni za ndege iliyotoka kiwandani jana, siyo ya kwake yenye miaka thelathini.

Chukua Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja. Matangi yake mawili hubeba takriban lita 212, na kati ya hizo zinazotumika ni kama 200. Zinazobaki hazifikii injini kwa uhakika. Tuseme kitabu cha ndege kinakuambia utachoma lita 32 kwa saa. Hesabu inakupa saa sita na robo. Sasa tuseme ndege yako kwa kweli inachoma lita 38, kwa sababu mchanganyiko wa mafuta na hewa ni mzito au hukupunguza mafuta ulipofika juu. Saa zimekuwa tano na robo. Saa nzima imetoweka, na hakuna taa iliyowaka kukuonya. Ongeza upepo wa mbele ambao utabiri haukuutaja, na ile akiba uliyoiweka kwenye karatasi haipo tena.

Geji ya mizunguko ya injini nayo hudanganya. Ikisoma chini ya ukweli, rubani huongeza nguvu akidhani bado hajafika alipotaka, na injini inakunywa zaidi ya jedwali la kitabu. Kuikagua ni kazi ya dakika chache, na tungependa ifanyike katika kila ukaguzi wa mwaka.

Kuna pia mafuta yanayopotea bila kuchomwa. Ndege ikiwa hewani, mgandamizo juu ya bawa ni mdogo kuliko ndani ya tangi. Mpira wa mfuniko wa tangi ukipasuka au kukauka, mafuta yananyonywa nje muda wote wa safari, na kwenye ndege yenye mabawa juu ya kibanda rubani hawezi kuona lolote. Ukishatua, panda ngazi ukaangalie nyuma ya mfuniko. Petroli ya ndege aina ya 100LL ina rangi ya buluu, na ikikauka huacha michirizi ya buluu kuelekea ukingo wa nyuma wa bawa. Ukiiona, usiifute. Njoo nayo hivyo hivyo, itatuonyesha mafuta yanapotokea.

Tundu la kupumulia la tangi ni dogo sana, na nyigu wanalipenda kwa kujengea. Likizibwa, hewa haiingii kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka. Kama tangi ni la mpira, linanywea. Mafuta yamo, injini inazimika kwa kiu.

Hilo linatuleta kwenye aina ya pili ya tatizo, pale mafuta yanapokuwemo lakini hayafiki. Mwanamuziki John Denver alifariki 12 Oktoba 1997 akirusha ndege ndogo aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua karibuni. Koki ya kubadilisha tangi ilikuwa imewekwa nyuma ya bega lake la kushoto, haina alama, na ilikuwa ngumu kuizungusha. Alikuwa pia hakuongeza mafuta kabla ya kuruka. NTSB ilihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika na koki hiyo, ndege ilimtoka mkononi. Ndiyo maana koki ngumu kwetu si kasoro ndogo ya kusubiri mwaka ujao. Ikikwama tukiwa tumekaa chini kwa utulivu, hatuiruhusu ndege itoke hivyo.

Injini ikizimika kwenye futi 3,000 juu ya ardhi, ndege ya aina ya 172 ina kama dakika nne na takriban kilomita nane za kuteleza, kama hakuna upepo. Shika kwanza mwendo wa kuteleza, kisha badilisha tangi, washa pampu, sukuma mbele kidhibiti cha mchanganyiko. Lakini kutua mapema kwenye uwanja wowote mzuri, injini ikiwa bado inavuta, ni bora kuliko ustadi wote huo. Kanuni za Marekani kwa anayeruka kwa kuona zinataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku. Sisi tunawashauri wateja wetu wote saa nzima.

Huduma yetu ya mafuta inaanza kwa kuisawazisha ndege na kukausha matangi. Tunajaza kwa vipimo vidogo, na kila kipimo tunachora alama kwenye kijiti cha kupimia mafuta cha ndege yako hiyo, kwa sababu kijiti cha jirani hakikufai hata kama ndege zinafanana. Tunaandika geji inasema nini kwenye kila alama na kukupa jedwali. Mipira ya mifuniko, matundu ya kupumulia na koki vinakaguliwa hapo hapo. Mwisho tunajaza hadi alama, unaruka saa moja kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, tunajaza tena hadi alama ile ile. Lita zilizoingia ndizo matumizi halisi ya ndege yako.

Ukija, lete kitabu cha ndege na kumbukumbu za injini, na usijaze matangi siku ya kuja. Tutaomba ndege ilale kwetu usiku mmoja ikiwa imejaa, tuone asubuhi kama kuna tone chini ya bawa.