Tumchangie mwandishi aliyeumia, na kazi zake zisomwe

Mhariri,

Nawapongeza kwa dhati waandishi wa chini kwa chini wanaoandaa jioni ya kusoma kazi zao ili kumchangia mwenzao aliyeumia. Hawa ni watu wanaotoa wenyewe fotokopi za vijitabu vyao, wakavibana kwa pini na kuviuza mkono kwa mkono. Hawana mwajiri wala bima. Mkono ukivunjika, kalamu na kibarua vyote vinasimama.

Mifuko ya kusaidia waandishi ipo tangu zamani. Royal Literary Fund ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1790, baada ya mfasiri wa kazi za mwanafalsafa Plato, Floyer Sydenham, kufariki akiandamwa na madeni. Lakini mfuko huo huangalia vitabu vilivyochapishwa, na anayejichapia kwa fotokopi ataonyesha nini? Ndiyo maana wenzake ndio tegemeo lake.

Nina ombi kwa waandaaji. Zisomwe kazi za majeruhi mwenyewe, na yeye ndiye aamue lipi lisemwe kuhusu majeraha yake. Asigeuzwe maonyesho ya huruma. Fedha zihesabiwe mbele ya watu usiku uleule. Tena zisiishie zote kwenye deni la hospitali, kwani mfupa huchukua wiki nyingi kuunga na mazoezi ya viungo hufuata, wakati wapiga makofi wameshatawanyika.

Nawe Mhariri, chapisha japo shairi lake moja, na umlipe.

Msomaji wako,
Mpenzi wa ushairi