Sweta la Rangi ya Maziwa

Glasgow, Novemba

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea, marahaba. Hukunipa nafasi ya kusema nilichotaka kusema, na pengine ni heri, maana mambo haya yanakaa vizuri zaidi kwenye karatasi.

Jumatano nilikwenda kwa wakili kuandika wasia. Usishtuke, siumwi. Presha iko sawa, ni goti tu kwenye ngazi, na hilo unalijua. Nimeona tu kwamba ni afadhali uyasikie kutoka kwangu kuliko kuyakuta kwenye faili la wakili siku ambayo sitakuwepo kujibu maswali yako.

Fungu la kumi la nitakachoacha nimeandika liende kwenye ile kazi ya Kadinali Winning ya kuwasaidia kina mama wajawazito. Kilichobaki chote ni chako. Wakili alinieleza kwamba sheria ya Uskoti inampa mtoto haki ya sehemu ya mali isiyo ardhi wala nyumba, hata mzazi aandike nini, kwa hiyo akanishauri nizungumze nawe mapema. Kule kwetu Tanga majirani zetu Waislamu walikuwa na kipimo chao, wasia kwa asiye mrithi usivuke theluthi, na babu yako, Mkatoliki asiyekosa zaka, aliwasifu sana kwa hilo. Alisema mtu anayepima anachoacha amewafikiria walio hai. Basi nami nimepima. Sasa nikueleze kwa nini.

Mwanzoni mwa 1999 nilikuwa na mimba yako ya miezi mitatu. Baba yako alikuwa ameshaondoka. Nilipanga chumba ghorofa ya tatu, mtaa wa Partick hapa Glasgow, nikisafisha ofisi usiku. Msimamizi wangu aliponikuta natapika chooni aliniandikia namba ya kliniki kwenye kipande cha karatasi, akasema ni shughuli ya asubuhi moja, kesho yake narudi kazini. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kingine cha kunipa. Karatasi ile nilikaa nayo mfukoni siku tisa, na siku ya tisa nilikuwa nimeshaamua kupiga.

Aliyenizuia alikuwa mama mmoja wa hapa hapa tuliyekuwa tukifagia naye. Aliniona nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza, nikamwambia. Akasema, "Lakini Kadinali si alisema?"

Alikuwa na maana ya Thomas Winning, Askofu Mkuu wa Glasgow, mzaliwa wa Wishaw, kwenye miji ya makaa ya mawe na chuma. Machi 1997 alisimama hapa mjini mbele ya mkutano wa SPUC, ile jumuiya ya watetezi wa uhai iliyoanzishwa 1967, mwaka ule ule bunge lilipopitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Wengi walitegemea hotuba ya kulaani. Yeye akatoa ahadi: mwanamke yeyote aliyebanwa na ujauzito, wa umri wowote, wa dini yoyote au asiye na dini, aje jimboni kwake atasaidiwa. Hakuweka mipaka. Magazeti yakaitangaza ahadi hiyo, na watu wakaanza kutuma michango kwa posta.

Mimi nilifika nikiwa na aibu nyingi na Kiingereza kidogo. Sikuulizwa cheti cha ubatizo. Nilipewa chai na mtu wa kunisikiliza, kisha tukaandika kwenye daftari ninachohitaji. Sikujua niseme nini, maana nilihitaji kila kitu. Mwezi wa sita vikaja: kitanda chako, kigari kilichokwishatumika lakini kimesuguliwa magurudumu mpaka yanang'aa, nepi, na mfuko mkubwa wa nguo. Ndani ya mfuko ndimo lilimokuwa sweta la rangi ya maziwa lenye vifungo vya sura ya bata.

Unalijua sweta lile kwenye picha zako. Nataka ujue nilichokiona nilipolikunjua. Mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, tundu moja limerukwa katika ufumaji, na aliyefuma alipoligundua alirudi akalishika kwa uzi mwembamba kwa ndani, kwa subira kubwa, ili lisifumuke. Na halikuwa peke yake. Chini yake kulikuwa na la pili la mfumo ule ule, saizi ya mwaka mmoja, na la tatu, la miaka miwili.

Uliniambia mwaka jana kwamba rafiki zako wanasema watu wa namna hii wanamjali mtoto akiwa tumboni tu, akishatoka shauri yake. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikasirika, na mtu akikasirika hajibu vizuri. Jibu langu ni masweta yale matatu. Mtu aliyekaa jioni baada ya jioni akifuma sweta la mtoto wa miaka miwili, kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa na asiyejua jina lake, huyo alikuwa ameshakuona unatembea. Mimi mama yako nilikuwa bado sijakuona hivyo.

Niliuliza nani ameyafuma. Wakaniambia hawajui. Mifuko huletwa na akina bibi wa parokia mbalimbali, mingine huachwa mlangoni pa kanisa. Basi kwa miaka mingi kila Jumapili nilikuwa naangalia mikono ya wazee wakati wa kutakiana amani. Nikishika mkono wa bibi najiuliza, ni wewe? Sikumpata. Na kwa kuwa sikumpata, nililazimika kuwaheshimu wote.

Ndiyo maana nilikwenda kufanya kazi nyumba ya wazee, mama. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya mshahara, na mshahara ule unaujua. Kila asubuhi naosha mikono iliyopindwa na baridi yabisi, vidole havinyooki tena, nakausha katikati ya kidole na kidole, na kila mara nafikiri mikono kama hii ndiyo iliyokuvisha.

Kulikuwa na watu wa hivi hata kabla ya Kadinali. Mwaka 1970 kule Leamington, katikati ya Uingereza, mwalimu wa chuo kikuu, Jack Scarisbrick, mwanahistoria aliyebobea habari za mfalme Henry wa Nane, alianzisha shirika la LIFE pamoja na mkewe Nuala, na baadaye likawa na nyumba za kuwapokea wajawazito wasio na pa kulala. Majina yao yameandikwa, na wanastahili. Kadinali naye alifariki Juni 2001, ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Nilikubeba mgongoni kwa khanga, nikaenda kusimama na watu nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea, kando ya mto Clyde, na humo ndimo alimozikwa. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake lilianzishwa shirika la Masista wa Injili ya Uhai ili kazi isife naye. Yeye ana kaburi linalojulikana na sala hazimkatikii. Lakini aliyeshona vifungo vya bata yuko wapi? Aliyesugua yale magurudumu? Aliyetia pauni tano za pensheni kwenye bahasha bila kuandika jina?

Mwezi uliopita tulimzika bibi mmoja wa pale kazini. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nimejihesabu na mimi. Alikuwa ameacha neno kwamba pasiwe na maua, fedha ya maua ipelekwe kwa watoto ambao hawajazaliwa na mama zao. Padri akalisoma, tukapitisha kikapu. Niliporudi nyumbani ndipo nikapiga simu kwa wakili.

Kuna kitu kimoja zaidi sikuwahi kukusimulia. Ulipokuwa na wiki mbili nilikutoa kwa mara ya kwanza kwenye kile kigari, Dumbarton Road, mvua nyembamba, na kila hatua tano mama mtu mzima ananisimamisha, anachungulia, anakuwekea sarafu kwenye kiganja. Niliogopa, nikadhani wananiona ombaomba. Kumbe ni mila yao, mtoto mchanga hutiliwa fedha mkononi apate heri. Nilipoelewa nililia pale pale barabarani. Kwetu nani anakwenda kumwona mtoto mikono mitupu? Mama yangu alikuwa mbali, shangazi zako wote walikuwa mbali, nami nilikuwa nimeshajiambia kwamba hakuna atakayekutunza. Nilifika nyumbani na pauni tisa. Nimezihifadhi hadi leo, ziko kwenye kopo la kahawa, na hizo hazimo kwenye wasia. Hizo ni zako tangu siku ile.

Ninachokuomba ni hiki. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, popote utakapokuwa, uombe misa kwa ajili ya wafadhili wetu tusiowajua. Padri akikuuliza majina, mwambie hatuna, aandike hivyo hivyo. Mimi nimefanya hivyo kila mwaka tangu 1999, na goti langu likigoma itabidi uende wewe.

Masweta mawili makubwa niliyarudisha ulipoyazidi, wakavishwa wengine. Lile dogo lipo kwenye sanduku la bluu juu ya kabati, limefungwa kwenye foronya pamoja na karafuu za kufukuzia nondo. Ukilihitaji siku moja, lifue kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo. Usilikamue kwa kulisokota. Wala usilianike kwenye kamba, litarefuka mikono. Litandaze juu ya taulo, mbali na hita, na lile tundu la kiwiko uligeuze juu lipate hewa.

Mama yako