Mume wangu anasema tumbo bovu halipambwi

Anti, shikamoo. Nakuandikia usiku huu kwa sababu usingizi umegoma, na mtu ambaye ningeongea naye hapa ndani ndiye huyo huyo aliyenifikisha hapa.

Nataka kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha tumbo, na mume wangu alisema mbele ya dada yake, "Tumbo bovu halipambwi." Wakacheka, wakaendelea kula. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, nikaliweka mezani nikarudi jikoni. Tangu siku hiyo nikimtazama nasikia hayo maneno tu.

Usije ukanifikiria natafuta umbo la kujianika mitandaoni. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho nilimpata kwa kisu. Nikijiinua kitandani, katikati ya tumbo kunachomoza tuta refu kutoka kifuani hadi kitovuni, misuli imeachana, na mazoezi hayajairudisha. Chini ya kitovu ngozi imekunjika na kuning'inia, na kwa joto hili la Dar pale chini panachubuka, panatoka fangasi, napaka dawa panapona, wiki mbili panarudi. Kwenye daladala konda anapiga kelele, "Mpisheni mama mjamzito." Nakaa. Ningesema nini?

Na ugonjwa sikuuomba. Nina vidonda vya utumbo mpana. Sio hivi vidonda vya tumbo ambavyo kila mtu anavyo na anashauriwa anywe maziwa. Vyangu viko huko chini, vikiamka ni damu kwenye choo na kukimbia msalani usiku kucha. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, mpaka walipopitisha kamera ndipo wakaviona. Nikapewa prednisoloni, dawa ya kuutuliza ugonjwa huo, nikavimba uso na tumbo. Damu ilipokata dawa ikashushwa, mwili ukanywea, ngozi ikabaki kama ilivyo. Kwa hiyo anaposema tumbo bovu, anajua vizuri limepitia nini. Alikuwepo. Mashuka ya usiku alikuwa anayaona.

Pesa ni zangu, tumevunja kikoba. Sijamwomba hata senti, na ruhusa yake siihitaji.

Daktari wa upasuaji nimeshamwona. Alinisimamisha, akachora kwa kalamu mstari kutoka nyonga hadi nyonga, akasema ataishona misuli ikaribiane, atakata ngozi iliyozidi, nitatoka na mirija ya kutolea majimaji na mkanda wa kubana tumbo nitakaokaa nao wiki kadhaa. Mwanzoni nitatembea nimeinama. Nikawa naitikia tu, huku moyoni najiuliza: ugonjwa ukiamka nimefungwa ule mkanda, chooni nitafika saa ngapi? Na dawa za maumivu je? Diklofenaki na wenzake nilikatazwa, zinaniamshia ugonjwa. Zile kali zaidi nasikia zinafunga choo, na mtu aliyeshonwa tumbo hatakiwi kujikamua. Sikumuuliza.

Daktari wangu wa utumbo, huyo nilimgusia kwa mbali. Hakunikatalia. Alisema ugonjwa utulie kwanza kwa miezi, nisiwe kwenye prednisoloni kwa sababu inachelewesha kidonda kupona na usaha unaingia kirahisi, wingi wa damu upande, na madaktari wote wawili waongee. Akasema pia sisi wenye ugonjwa huu damu inaganda kwenye mishipa ya miguu haraka kuliko wengine, hasa baada ya operesheni. Sasa mimi nimetulia, Anti. Damu ya juzi ilikuwa kidogo, na najua ni ile pilipili ya msibani. Prednisoloni nimerudishiwa, lakini dozi ndogo.

Kwa nini kila mtu anataka nisubiri? Mwenye afya akitaka kupunguza tumbo anapongezwa. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze upasuaji wa kurekebisha maumbo, hapa mtaani ni habari ya kila siku, na wifi huyo huyo aliyecheka ndiye anayezisimulia kwa furaha. Kwangu mimi ndiyo inakuwa kulipamba tumbo bovu.

Kuna fomu nimepewa nijaze. Ina mahali pa magonjwa na mahali pa dawa unazotumia. Nimejaza kote, hapo pawili nimepaacha. Nikiandika ukweli, yule daktari wa upasuaji atanirudisha nyumbani, na huyu baba atasema si nilikwambia. Mwenzangu mmoja wa kikoba ana presha, hakuiandika, alipigwa nusu kaputi akaamka salama. Nikaona mimi pia naweza kuacha dawa kidogo kabla ya siku yenyewe, damu ikipimwa isioneshe kitu. Ila nilishaonywa kwamba prednisoloni haikatwi ghafla, inashushwa polepole, la sivyo mwili unaweza kuishiwa nguvu kabisa, na kwenye operesheni ndiyo hatari zaidi. Hapo ndipo usingizi unaponiruka. Niandike au ninyamaze?

Usiniambie niache. Ukiniambia niache utakuwa umesema kama yeye. Lakini kama kuna njia ya kumwambia yule daktari bila kufukuzwa, au ya kuwakutanisha hawa wawili wasinione mjinga, niambie nianzie wapi. Fomu wanaitaka Jumatatu.

Jingine. Jana jioni mume wangu aliniuliza, bila hata kunitazama, siku ya hospitali nani atanipeleka. Nikamjibu nitachukua bajaji. Kusema kweli nataka anipeleke yeye, ila kwanza alifute lile neno, na alifute mbele ya dada yake. Je, nimwambie hivyo, au nimwache aje tu?

Jina langu usilitoe, wifi anasoma kila wiki.

Mama wa watatu, Dar es Salaam