Malalamiko kuhusu kipindi chenu cha mafuta ya Kuwait

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Vipindi,

KUH: KIPINDI CHA NNE CHA MFULULIZO WENU WA HISTORIA YA MAFUTA

Salamu. Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa pili. Nalipa kila mwezi kwa simu na sijachelewa hata siku moja. Kabla ya kustaafu nilifundisha historia katika shule za sekondari za Pwani kwa miaka 31. Nimeshawaandikia mara tatu kupitia programu yenu, na mara zote tatu nimejibiwa na mashine: "Asante kwa kuwasiliana nasi, maoni yako ni muhimu kwetu." Ndiyo maana leo nimeamua kuandika barua kamili, huenda ikafika mezani kwa binadamu.

Lalamiko langu liko dakika ya 17. Mnamwonyesha Sheikh Ahmad al-Jabir al-Sabah, mtawala wa Kuwait, amekaa mkekani. Mzungu anafungua kasha la sarafu, Sheikh anacheka, anabonyeza dole gumba kwenye karatasi, mambo yamekwisha. Msimulizi anatuambia kwamba mtawala yule hakujua anatia sahihi kitu gani. Na sauti mliyompa ni ile ya Mwarabu wa vichekesho, anayesema "besa" kila anapotaka kusema pesa. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa ameketi kando yangu. Wiki iliyofuata aliyaandika hayo hayo kwenye insha yake ya shule, akapewa alama nzuri, akaja kunionyesha kwa furaha. Nilikosa la kumwambia.

Sasa niwaambie nyinyi.

Mkataba wa mafuta wa Kuwait ulitiwa sahihi tarehe 23 Desemba 1934. Frank Holmes, yule mtafuta vibali vya mafuta wa New Zealand ambaye Waarabu walimbandika jina Abu al-Naft, yaani Baba wa Mafuta, alianza kumwendea Sheikh Ahmad tangu 1923. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na moja. Mtu asiyejua anachouza haburuzi mazungumzo miaka kumi na moja. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo alikuwa na wanunuzi wawili mlangoni. Upande mmoja Holmes, ambaye nyuma yake ilikuwapo kampuni ya mafuta ya Gulf ya Marekani. Upande wa pili Anglo-Persian ya Waingereza, ambayo mwishoni ilimtuma Archibald Chisholm. Sheikh alimsikiliza huyu, akamsikiliza na yule, wala hakuwa na haraka ya kumpa jibu yeyote.

Hapa nilipo sipo mbali na mnada wa samaki, na jambo hili naliona karibu kila asubuhi. Matajiri wawili wakimgombea jodari mmoja, mvuvi anatulia zake, bei inapanda yenyewe. Lakini wakishavutana pembeni wakanong'onezana wagawane nusu kwa nusu, mvuvi kwisha habari yake. Basi hilo ndilo lililomfika Sheikh Ahmad. Mnamo Desemba 1933 Gulf na Anglo-Persian zilipatana, na Februari 1934 zikaunda Kampuni ya Mafuta ya Kuwait, kila mmoja na nusu yake. Holmes na Chisholm, waliokuwa mahasimu, wakarudi kwa Sheikh wakiwa wajumbe wa tajiri mmoja. Kipindi chenu hakina hata sentensi moja juu ya hili. Mna dakika nne nzima za ngamia akitembea machweo, lakini siku mtawala alipopokonywa ushindani wake mmeiruka.

Na mmeruka jambo zito zaidi. Mwaka 1899 Sheikh Mubarak, babu yake Sheikh Ahmad, aliahidi kwa maandishi kwamba hatauza wala kukodisha sehemu ya ardhi yake kwa dola nyingine bila ridhaa ya Uingereza. Mwaka 1913 akaandika barua nyingine kwa Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, kwamba kama kuna mafuta, kibali hakitatolewa ila kwa mtu atakayependekezwa na serikali ya Uingereza. Mwaka uliofuata, 1914, serikali hiyo hiyo ikanunua hisa nyingi zaidi za Anglo-Persian. Yaani dalali ndiye mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayeamua nani aruhusiwe kuingia mnadani. Gulf ilizuiwa miaka kadhaa kwa sharti kwamba kampuni lazima iwe ya Kiingereza. Wamarekani walilalamika London kwa njia ya serikali yao, na sharti likalegezwa 1932. Mwaka huo huo Andrew Mellon, ambaye ukoo wake ndio uliomiliki Gulf, akapelekwa London kuwa balozi wa Marekani. Angalieni basi ni nani na nani waliokuwa wamekaa mezani, halafu mniambie tena kwamba tatizo lilikuwa Sheikh kutojua kusoma karatasi.

Njaa nayo mmeitaja kwa neno moja tu: "umaskini". Ule haukuwa umaskini wa kuzaliwa nao. Kuwait iliishi kwa lulu na kwa majahazi. Lulu za kufuga za Wajapani na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 viliivunja biashara ya lulu. Nchi kavu, Ibn Saud, mtawala wa Najd (sehemu ya Saudi Arabia ya leo), alikuwa ameikatia biashara ya bara, na kwenye kikao cha Uqair, pwani ya Arabuni, mwaka 1922 Percy Cox alikuwa amechora mpaka uliompa Najd karibu theluthi mbili za ardhi ambayo Kuwait iliihesabu kuwa yake. Sheikh Ahmad hakuwapo kwenye kikao hicho. Kisha mwaka 1932 mafuta yakapatikana Bahrain, jirani kabisa, na mwaka 1933 Ibn Saud akatia sahihi na kampuni ya California kwa mkopo wa dhahabu. Mtu akiwa katika hali hiyo, wanunuzi wake wakaungana, bado akakaza miezi mingine kadhaa, mimi simwiti mjinga.

Mtaniwia radhi niingize habari ya nyumbani. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa boriti Lamu. Kaskazi ikivuma, mabumu, yale majahazi makubwa ya Kuwait, yalikuja na tende, na kusi ikianza yalirudi na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za kwao, maana kule miti hakuna. Boriti ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Babu alikuwa akisema kwamba nahodha wa Kuwait huwezi kumpunja hata mti mmoja: anashuka mwenyewe topeni, anahesabu kwa kugusa, anautoa uliopinda, anaanza upya. Mtawala wa mji wa watu wa namna hiyo ndiye mliyemfanya acheke mbele ya kasha la sarafu.

Hizo sarafu zenyewe mngezitaja kwa idadi. Malipo ya kutia sahihi yalikuwa rupia 475,000, rupia za Kihindi, zilizokuwa zikitumika na hapa kwetu hadi 1920. Kila mwaka kabla mafuta hayajapatikana, rupia 95,000. Yakishapatikana, rupia 3 kwa tani, na kwa vyovyote isipungue 250,000 kwa mwaka. Muda miaka 75, na eneo ni nchi nzima. Je, bei ilikuwa ya haki? Hapana, na hilo ningewaunga mkono mngelisema. Kisima cha kwanza, kule Bahra, hakikutoa kitu. Lakini Februari 1938 Burgan ikafumuka, na Burgan ni miongoni mwa maeneo makubwa kabisa ya mafuta duniani. Ilibidi kungoja hadi 1951, Sheikh Ahmad akiwa ameshafariki, ndipo mgawo wa nusu kwa nusu ukapatikana. Ila bei mbaya na muuzaji mjinga ni mambo mawili mbalimbali, na kipindi chenu kimeyafanya kitu kimoja.

Wala siwaombi mumpambe. Pesa zile zililipwa kwa mtawala mwenyewe, na mwaka 1938 wafanyabiashara wa Kuwait waliunda baraza lililotaka hundi ya mafuta ipite mikononi mwa baraza hilo. Likavunjwa Desemba ya mwaka huo huo. Tena alipopewa nafasi ya kuwa na mwakilishi wake London, alimteua Holmes, yule yule aliyekuwa akijadiliana naye kwa niaba ya kampuni! Haya yote ni mambo ya kumlaumu mtu mwenye akili zake, na mngeyaonyesha ningetazama kwa hamu.

Nimalizie na maandishi ya chini ya skrini. Neno la Kiingereza "concession", yaani kibali cha kuchimba, mtafsiri wenu amelifanya "punguzo la mafuta", kana kwamba Sheikh alikuwa na duka na siku ile kulikuwa na ofa. Mrabaha, yaani "royalty", ile malipo ya kila tani, ameuita "ada ya kifalme". Neno mrabaha lipo, liko katika kamusi, na kila mwandishi anayelipwa kwa nakala zinazouzwa analijua. Mngeuliza tu, hata mimi ningewasaidia bure.

Kwa hiyo naomba mambo haya: sentensi ya dakika ya 17 iondolewe na mahali pake pasemwe habari ya 1899, 1913 na Desemba 1933; maandishi yapitiwe upya na mtu anayezungumza Kiswahili; na sauti ile ya "besa" ibadilishwe. Pia nirudishiwe ada ya mwezi huo, maana tangazo lenu lilisema "historia iliyohakikiwa", na hapo mimi ndiye niliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama moja kati ya hayo litawashinda, basi pesa bakini nazo, kipindi rekebisheni.

Nitangoja hadi mwisho wa mwezi. Ikija tena ile "asante kwa kuwasiliana nasi", nitafunga akaunti siku hiyo hiyo, na nakala ya barua hii nitampa mjukuu aipeleke kwa mwalimu wake pamoja na insha.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mteja wenu.
Nambari yangu ya simu mnayo; ndiyo mnayoikata kila tarehe mosi.